Mogesi Simioni na Nyuso za Duara Namba Nne

Wazee wetu, shikamooni, nanyi ndugu wa Nyarero na Nkende, pamoja na mliovuka mpaka pale Sirari kuja kulia nasi, naomba utulivu niwasomee maisha ya dada yetu Mogesi, ambaye alituagiza akiwa kitandani tusifiche ile sehemu iliyomtisha kuliko zote.

Mogesi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1988 hapa Nyarero, mtoto wa pili wa mzee Simioni Marwa na mama Felista, na alianza shule ya msingi mwaka 1996, wakati baba alipokuwa akichimba dhahabu upande wa Serengeti, na kila mvua ilipopiga usiku mtoto huyu aliamka na kukaa mlangoni, akikataa kulala mpaka asikie baba yuko hai.

Alisoma sekondari Tarime mjini kuanzia 2003 hadi 2006, akaendelea Musoma, kisha akaenda Mwanza kusomea kompyuta na kuhitimu mwaka 2012, akaajiriwa katika ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti pale Nkende. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na bwana Omondi Ouko, muuza vipuri vya pikipiki, wakajaliwa watoto wawili, Nora, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2017, na Sospeter, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 2019.

Mwanzoni mwa 2018 kikundi cha wachimbaji wadogo kilimwomba awatengenezee fomu ya kwenye simu, ili kila asubuhi kabla ya kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mchimbaji aeleze hali ya matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, na maji, na kwa kuwa wengi walitoka mikoa mingine na kuandika kuliwachosha, Mogesi, akitumia Django, zana ya kuundia tovuti, aliweka chini ya kisanduku cha maneno nyuso ndogo za kubofya, uso wa kucheka, wa kulia, wa kuogopa, na wachimbaji wakazipenda hata wakawa wanataniana nazo.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Julai 2018, katibu wa kikundi, dada Everlyne, alipokea kutoka duara namba nne uso wa kuogopa peke yake, bila neno hata moja, akadhani ni utani wa Nkwabi, mchimbaji aliyetoka Shinyanga, akawaruhusu washuke. Saa tatu ukuta ulibomoka, Nkwabi akatolewa amevunjika mguu, na ndugu yetu Oduol, aliyeshuka naye, hakutoka hai.

Watu walimgeukia Everlyne, wakimwita muuaji, naye Nkwabi akiwa wodini alirudia maneno yale yale kwa kila aliyemtembelea: "Niliandika maji yanaingia. Niliandika jamani!" Hakuna aliyemwamini, isipokuwa Mogesi, ambaye alirudi ofisini, akafunga mlango, akafungua fomu yake mwenyewe, akaandika maneno hayo hayo, akabofya uso wa kuogopa, na maneno yakafutika mbele ya macho yake, kwa sababu alipoandika programu alikosea mstari mmoja, na uso, badala ya kuongezwa mwishoni mwa maneno, ulikaa mahali pa maneno yote.

Alitusimulia kwamba wazo la kwanza lilikuwa arekebishe mstari ule anyamaze, maana hakuna mwingine ambaye angejua, naye alikuwa na mtoto mdogo na aliogopa kuchomewa nyumba. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alikwenda msibani kwa Oduol, akapiga magoti mbele ya wazee na mjane, mama Awino, akasema, "Everlyne hana kosa. Kosa ni langu, maneno ya Nkwabi niliyafuta mimi bila kujua."

Kelele zikapanda, wengine wakasimama, na Mogesi akafumba macho akisubiri kupigwa, lakini Awino aliwanyamazisha, akamwambia, "Usilie hapa kwangu. Nenda kairekebishe hiyo fomu, halafu urudi unionyeshe." Alirudi baada ya siku nne, akampa simu, Awino akaandika jina la mume wake, akabofya uso wa kulia, na jina likabaki, na uso ukakaa pembeni yake.

Tangu siku hiyo Mogesi alizisoma fomu zote mwenyewe kila asubuhi, akipiga simu kila alipoona uso wa kuogopa, hadi Machi 2022 alipoanza kuugua figo. Alifariki Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 34.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkende, wafanyakazi wenzake, dada Everlyne, ndugu Nkwabi aliyekuja na mkongojo wake, na kwa namna ya pekee mama Awino, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake wiki sita za mwisho.

Dada Mogesi, leo wachimbaji wote wako hapa juu, tumewahesabu, hakuna aliyeshuka. Pumzika sasa kwa amani.