Mwanaheri Saidi na Spika za Kibungwe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mwanaheri Saidi, mama Shakila, aliyetutoka Ijumaa hapa Morogoro mjini baada ya kuugua figo. Alikuwa fundi spika. Narudia: fundi spika.

Alizaliwa Turiani. Ufundi alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki akaendelea na kibanda chao. Binti yake, Shakila, anasema: "Mama alikuwa anagonga koni kwa kucha, anasikiliza, halafu anakwambia, hii bado nzima."

Koni ni lile bakuli jembamba linalotikisika mbele ya spika. Ya karatasi ni nyepesi, sauti yake laini, lakini unyevu huilegeza. Ya plastiki haijali maji, ila nyimbo hupungua utamu.

Kule Uluguru, kwenye kanisa la kigango cha Kibungwe, ukungu ulikuwa unaozesha spika kila masika. Mwanaheri akawawekea koni za plastiki, ndani na nje. Kwaya ikanuna. Katekista Yakobo akapiga simu.

"Mama Shakila, kwaya inasikika kama imo ndani ya ndoo."

"Nakuja, katekista."

Akapanda mlima na bintiye. Akakaa benchi la nyuma na ushungi wake, akasikiliza mazoezi mpaka mwisho. Shakila anasema mama aliumia, maana kazi ile aliifanya kwa moyo. Lakini alisema, "Wana haki. Nilifikiria mvua, sikufikiria wimbo."

Spika ya ndani akairudishia karatasi. Ya nje, ile ya matangazo, akakataa kuigusa. "Hii inalala mvuani. Iacheni na plastiki yake."

Masika yaliyofuata mvua haikukatika. Paa likavuja, koni ya ndani ikalowa, ikachanika. Asubuhi moja Yakobo akaona ufa mlimani, juu ya nyumba za watu. Akakimbilia kipaza sauti. Spika ya nje, iliyokuwa inanyeshewa siku zote hizo, ikatoa kila neno: "Tokeni! Nendeni shuleni! Acheni vitu!"

Watu wakatoka. Jioni udongo ukashuka, ukafukia nyumba na mashamba ya kabichi. Hakuna aliyekufa. Narudia: hakuna aliyekufa.

Mwanaheri alipopata habari alikaa chini, akalia. Kisha akauliza, "Na ile ya ndani?" Akaambiwa imechanika. "Nitawapelekea nyingine," akasema. "Lazima waimbe."

Akaipeleka.

Jumamosi, watu wa Kibungwe walishuka kuja kumzika. Yakobo alipopewa nafasi ya kusema, alisema hivi tu: "Wanangu wako hai. Sina la kuongeza."

Shakila, na familia yote, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nanyi mnaonisikiliza, kama mtaani kwenu kuna spika ya msikiti, ya kanisa au ya ofisi ya kijiji, mkaijaribu leo. Mmoja aseme. Mwingine akasimame kwenye nyumba ya mwisho kabisa, asikilize kama maneno yanafika.