Mama Mteremko na Nusu ya Dawa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo nina habari ya mwanamke ambaye hakuwahi kumchoma mtu sindano, na bado aliokoa wagonjwa. Alikuwa mwanahisabati. Hospitalini walimwita Mama Mteremko. Ametutoka juma lililopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kuandika kwa hesabu vita vinavyopiganwa ndani ya mwili: virusi vingapi vinazaliwa kwa siku, vingapi vinakufa, dawa inavizuia kwa kiasi gani. Kisha alichora mstari. Dawa ikifanya kazi, mstari unateremka. "Wenzetu walibandika picha za harusi ukutani," bintiye ananiambia. "Sisi tulibandikiwa mistari ya virusi vya watu."

Siku moja daktari akamletea vipimo vya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Virusi vilikuwa vinashuka, ila kwa kujikongoja.

"Vimekuwa sugu," daktari akasema. "Jumatatu nambadilishia dawa. Imebaki moja tu, nayo ni kali mno."

Mama akakataa. Virusi sugu hushuka, kisha hupanda. Hivi vilishuka tu, polepole. Akabadilisha namba moja kwenye hesabu yake, ile ya kiasi cha dawa, na mstari ukapita sawasawa juu ya vipimo vyote. Namba hiyo ilikuwa nusu. Nusu, wasikilizaji. Fundi alikuwa anameza nusu ya dawa.

"Mama, wewe hata homa hujawahi kumpima mtu," daktari akamtania.

"Ndiyo maana naenda kumuuliza."

Akamkuta fundi karakanani, katikati ya mageti.

"Nusu nyingine unampa nani, mwanangu?"

"Nani kakwambia?"

"Damu yako."

"Kumbe damu yangu ina umbea."

Fundi akacheka. Kisha akamwita mdogo wake. Kijana aliugua ugonjwa uleule, lakini aliona haya kwenda kliniki.

"Ningemezaje peke yangu, mama, na huyu ananitazama?"

Wagonjwa wawili, dozi moja. Jumatatu dawa haikubadilishwa. Ndugu wawili walikaa foleni pamoja, na kila mmoja akaondoka na kopo lake. Wiki chache baadaye mstari wa kaka uliteremka kama jiwe, na pembeni yake Mama akaanza kuchora wa pili.

Nimezungumza na yule mdogo mtu. Sasa ana mvi. "Sikuwa kwenye karatasi ya hospitali yoyote," ameniambia. "Yule mama aliniona ndani ya damu ya kaka."

Kwa mumewe na binti zake, poleni sana; tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: yule asiyepata nafuu, tunayemwita mkaidi, tumewahi kwenda kumuuliza anagawana na nani?