Ua Mmoja Ambao Felista Hakuuingia

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa mtaa, ndugu na majirani, poleni na msiba. Mimi ni Godwin Mwakatage, mdogo wake mfiwa, mume wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome bila kuongeza wala kupunguza, na kwa kuwa tangu Jumapili siwezi kulia wala kula, kusoma ndiyo kazi pekee ninayoona naiweza. Wale mliokaa kwenye mikeka upande wa jikoni funikeni miguu kwa kanga, saa tisa na nusu imeshafika, na marehemu asingekubali tukae hivyo.

Felista Angetile Mwasambili alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 katika kata ya Ikolo, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Angetile Mwasambili na Bi. Kisa, wakulima wa mpunga na kokoa, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 11 Aprili mwaka huohuo. Mama yake anasema alikuwa mbishi tangu hajaota meno, na alipokua kidogo, ukimwambia shambani yametoka magunia saba anakwenda kuyahesabu mwenyewe, akirudi anakuambia ni sita na nusu, na kweli inakuwa sita na nusu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1990 kijijini kwao, akamaliza la saba mwaka 1996, akahitimu kidato cha nne hapa Kyela mwaka 2000, na baada ya kukaa nyumbani mwaka mmoja akilima na wazazi wake, alijiunga na chuo cha afya ya mazingira mkoani Dodoma, alikosoma kuanzia 2002 hadi 2004. Tarehe 3 Oktoba 2005 aliajiriwa kuwa bibi afya wa kata ya Busale, akatembea vijiji vyote kwa baiskeli, na mwaka 2010 akahamishiwa Kyela mjini, ambako amefanya kazi mpaka mwisho wa uhai wake.

Mjini hapa wengi wenu mlimwita Bibi Mapipa, kwa alivyokagua mapipa ya maji akitafuta viluwiluwi wa mbu, tusifichane, na wengine mlikuwa mkimwona anakuja mnaingiza pipa chumbani na kulifunika shuka. Alijua. Hakuwahi kumwandikia mtu faini kabla ya kumwonya mara tatu, na mara ya tatu aliinamisha pipa mwenyewe, akanawa mikono, akaomba kiti, mkaendelea na mazungumzo.

Kuanzia Oktoba 2021 aliteuliwa kuwasaidia watafiti waliokuja kuchunguza mbu wa mjini wanafanya kazi saa ngapi, kwa maana wa kijijini walikuwa wameshajulikana. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye baraza ya nyumba iliyochaguliwa, pembeni ya mtego wa neti, na kila saa moja ikiisha kuwatoa mbu kwa mrija, kuwatia kwenye kikombe kilichoandikwa saa hiyo, kisha kuanza kikombe kingine, mchana na usiku, wakipokezana zamu na mwenzake, Bwana Deusdedit, aliyehamia huku kutoka Kagera. Walichokiona walikieleza kwenye mikutano ya mtaa, kwamba mbu wa malaria bado anasubiri watu walale, lakini yuko mwingine, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, anayezaliwa kwenye maji safi yaliyotulia, ambaye anauma mchana kweupe, jua likichomoza mpaka kama saa tatu, anapungua, halafu anarudi kwa nguvu saa kumi mpaka jua linapozama, saa ambazo mtu wa hapa yuko nje anachambua mchele au anamsuka mtoto nywele, na chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Watu walicheka, wakauliza ni mbu gani huyo anayeripoti kazini kama mtumishi wa serikali, naye akawajibu kwamba huyo hata likizo hachukui.

Tarehe 21 Julai 2007 alifunga ndoa na kaka yangu Lugano Mwakatage, dereva wa malori yanayovuka mpaka kwenda Malawi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Prisca aliyezaliwa mwaka 2008, Nancy mwaka 2012 na Andrea mwaka 2017, ambao wote wamekaa hapo mbele. Kwa ndoa hiyo akawa mkamwana wa baba yetu, Mzee Ambwene Mwakatage, na kwa wageni waliotoka mbali naomba nieleze kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana humstahi baba mkwe, tunasema ukutila, hamtazami usoni, hatamki jina lake, hakai naye mahali pamoja wala haingii uani kwake. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini marehemu, pamoja na elimu yake na ubishi wake wote, katika hili hakulegeza hata siku moja, na baba naye hivyohivyo, na tulipowatania walituona sisi ndio hatuna adabu.

Mama yetu alipofariki mwaka 2019, kaka alimtoa baba Katumba Songwe akamjengea nyumba hapa mjini, nyuma ya nyumba yake, hatua kama arobaini, katikati kukiwa na uzio wa mabati. Baba amekulia ukingoni mwa mto, ambako mafuriko yalikuwa yakija na maji ya kunywa yanakosekana, na mtu wa namna hiyo humwambii aache mvua imwagike bure, kila chenye tumbo anakikinga. Marehemu alimtuma Nancy akamwambie babu afunike mapipa, na babu akayafunika, yale mawili ya mbele ambayo Nancy aliyataja. Vyombo vya nyuma ya nyumba hakuna aliyevitaja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameviona.

Katika orodha ya ukaguzi ya mtaa kuna nyumba themanini na sita, sabini na tano kati ya hizo zimeandikwa zimekaguliwa, kumi zilikuwa hazina watu, na moja, kwa mwandiko wa marehemu, imeandikwa haikuingiwa, sababu, mkwe. Bwana Deusdedit alijitolea kuingia badala yake, siyo mara moja, marehemu akakataa, akisema kumtuma mgeni akachungulie ndoo za baba mkwe ni sawa na kumvua nguo, bora asubiri kaka arudi safari waongee wanaume kwa wanaume. Kaka alikuwa akirudi analala siku mbili, anaondoka. Hapo ndipo familia inaposema wazi kwamba marehemu alikosea, na sisi sote tuliokuwa tukimsifu kwa heshima hiyo tulikosea pamoja naye.

Mwezi Machi mwaka huu zamu ya mtego ilifika nyumbani kwake mwenyewe. Daftari lake tunalo, saa kumi na moja jioni baraza yake ilitoa mbu weusi ishirini na watatu, na hakuna baraza nyingine mjini iliyowahi kufika kumi. Alikuwa amefundisha mwenyewe kwamba mbu huyo haruki mbali, aliyekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani yako, kwa hiyo alijua wanatoka wapi. Aliwavalisha watoto soksi na mikono mirefu kila saa kumi, akawapaka dawa, na yeye akaendelea kukaa barazani akihesabu, maana zamu ilikuwa haijaisha.

Jumatatu tarehe 28 Aprili 2025 alirudi kutoka kazini na homa kali, kichwa, macho yakimuuma kwa ndani na viungo kama vimepondwa, akapimwa malaria mara mbili, haikuonekana, akawaambia wauguzi kwamba anadhani ni dengue, homa inayoletwa na mbu huyo wa mchana, na wasimpe dawa kali za maumivu. Tarehe 1 Mei alilazwa. Ijumaa tarehe 2 homa ilishuka, tukafurahi, tukapika, ingawa daktari alikuwa ametuonya kwamba ugonjwa huu humgeuka mtu homa inaposhuka, na jioni ile fizi zikaanza kutoa damu. Alipelekwa Mbeya, na Jumapili tarehe 4 Mei, saa nane na dakika kumi mchana, Felista akatutoka, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Zimesemwa habari nyingi hapa msibani, kwamba mtu aliyelala kwenye chandarua maisha yake yote hawezi kufa kwa mbu, kwamba kuna mkono wa mtu. Wazee wa ukoo walipendekeza tuandike homa ya ghafla, mambo yaishe. Juzi Jumatatu baba alimwita Bwana Deusdedit, akamfungulia mlango wa uani, mgeni huyo akapita nyuma ya nyumba, akakuta viluwiluwi wa mbu kwenye vyombo kumi na kimoja, tairi, ndoo, sufuria iliyovunjika mpini. Baba alivimwaga kwa mkono wake mwenyewe, kimoja kimoja, hakutaka kusaidiwa, kisha akaja kwa wazee akasema kiandikwe kilichomwua mtoto huyu, na mahali kilipozaliwa, na ua ni wa nani. Kwa hiyo nimesoma, na anayetafuta mchawi baada ya leo asije kutafuta kwetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya, waliohangaika bila kuchoka, watumishi wenzake wa afya, Bwana Deusdedit aliyemaliza zamu ya mtego ya marehemu, majirani mliopika na kuchota maji, na kwaya. Ndaga fijo.

La mwisho linahusu kuaga. Mtapita mbele ya jeneza kwa mistari miwili, wanawake kulia, wanaume kushoto, na baba yetu hatakuwamo. Yupo hapa, amekaa nyuma ya turubai, ameligeuzia jeneza mgongo, msije mkasema amesusa. Ameniagiza niseme kwamba kwa miaka kumi na minane, kila walipokutana njiani, mkamwana wake ndiye aliyepisha, akaingia hata kwenye matope ya mpunga na ndoo kichwani, ili mkwe wake apite. Leo mkamwana hawezi kupisha, na baba hatasimama kumtazama usoni mtu asiyeweza kujificha. Anapisha yeye.

Mke wetu, njia iko wazi. Pita, ukapumzike kwa amani.