Bi Foronya, Fundi Aliyekataa Kuharakishwa

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne na binti wa kwanza wa fundi mwashi na muuza maziwa. Jina lake la kwenye vyeti wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza. Kwenu alikuwa Bi Foronya, basi.

Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1971. Hesabu alizipenda, ila zenyewe hazikumpenda sana. Akajifunza ushonaji, na mwaka 1975 akaajiriwa katika chumba cha cherehani cha hospitali, akishona mashuka na foronya. Ndipo jina likamganda. Alipostaafu aliigeuza sebule ya mbele kuwa duka. Alikuwa na mwiko mmoja: mteja akimharakisha, mkasi unawekwa chini. "Kitambaa kikishakatwa kimekatwa," alikuwa akisema, "na wewe hutanisaidia kulia."

Mwaka 1981 aliolewa na fundi saa. Bwana huyu alimletea suruali kwenye cherehani yake ya nyumbani ipunguzwe kiuno, akairudisha mara tatu, na kila mara ilikuwa imemkaa sawasawa. Mwisho Bi Foronya akamwuliza, "Kaka, tatizo ni suruali au ni mimi?" Jibu ndilo hawa watoto watatu walioketi mbele.

Mwaka 2019 alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa benki. Sauti ya upole, "mama yangu" nyingi. Alijua majina yake yote na tawi lake. Akamwambia kuna mwizi anachota fedha zake dakika hiyo hiyo, amsomee upesi namba iliyoingia kwenye simu ili amzuie. Loo! Yeye ambaye hata bibi harusi hakuweza kumharakisha, siku hiyo aliharakishwa. Akasoma. Akiba ya kubadilishia paa ikaenda na maji. Alilia sana, tusifiche. Wanawe wakamsihi asiwaambie watu. Akawajibu, "Aibu ni ya mwizi. Nikinyamaza, kesho atampigia jirani."

Tangu hapo, kila aliyekuja kupimwa nguo alipewa somo akiwa amenyoosha mikono, futi ya kupimia imemzunguka kiunoni, hana pa kukimbilia. "Benki haikuulizi namba ya siri, hata iwe na shida gani. Akitaja jina lako, hata la babu yako, kujua jina si kujuana. Akikuharakisha, kata. Kisha nenda tawini kwa miguu yako, au piga namba iliyo nyuma ya kadi." Muuza dawa wa jirani alimcheka kuliko wote, mpaka alipopigiwa yeye. Alikuja dukani mbio, jasho likimtoka, akiba yake ikiwa salama.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mumewe alimuuguza bila kuchoka. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jana tukiwa tumejaa sebuleni, simu ya mzee ililia. Sauti ikampa pole, ikalitaja jina la marehemu vizuri kabisa, ikasema ni ya benki: akaunti ya mkewe inafungwa siku hiyo hiyo, asome haraka namba za kadi na ile ya siri, la sivyo fedha zinapotea. Mzee hajapata usingizi tangu Jumanne, na kadi alikuwa ameshaitoa. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akageukia chumbani akaita, "Mke wangu, hebu njoo uongee na hawa watu wa benki."

Mzee akaliangalia pazia la mlango wa chumbani, machozi yakamshuka. Akairudisha simu sikioni.

"Mwenyewe hayupo," akasema. "Angekuwapo, ungemkoma." Akakata.

Bi Foronya ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake anayewasomea haya. Pumzika kwa amani, dada. Mzee tunaye sisi. Wakipiga tena, tutakata.