Mlango wa Sentimita Sitini na Moja

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa Mama Birika. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli, na ukikaa benchi hilo utakaa pale nitakapokuachia nafasi. Kushoto kuna dirisha la chumba cha mbele, kulia kuna mlango wa nyumba, na juu ya mlango kuna kibao cha manispaa kilichopigiliwa mwaka jana: nyumba za mtaa huu ni za kale, marufuku kubadili mlango, dirisha, paa wala rangi bila kibali cha kamati. Kamati yenyewe hukaa kila baada ya miezi mitatu, ikipata akidi. Mama Birika hutuuzia kahawa hapo asubuhi, na nyuma ya dirisha yuko mumewe, Kinyozi, ambaye alitunyoa sote kwenye benchi hilihili mpaka kiharusi kikampata. Kilimwachia ulimi na mikono, kikachukua miguu.

Shida yetu ni sentimita saba. Kiti cha magurudumu cha Kinyozi kina upana wa sitini na nane, mlango una sitini na moja. Injinia amepima mara kumi na nne. Huyu Injinia ni fundi redio, lakini ana futi ya chuma, na mwenye futi mtaani kwetu humwambii kitu. Basi miezi sita Kinyozi hajaota jua. Yuko ndani anasikiliza tunavyobishana, na tukisema upuuzi uliopitiliza hukohoa.

Asubuhi hiyo barua ya kamati ilikuwa imefika. Mama Birika alikuwa ameomba kupanua mlango, na sasa akampa Wakili amsomee. Wakili hajasomea sheria. Anawachapia watu barua nje ya mahakama, ila miaka ishirini ya kuchapa imemwachia ukali wote wa mawakili. Kamati, akasoma, haina kipingamizi, mradi mwombaji alete vitu vitatu: mchoro wa mlango, picha ya mlango ulipokuwa mpya, na saini ya aliyeijenga nyumba.

– Aliyeijenga alikufa lini? akauliza Injinia.

– Kabla babu yako hajazaliwa, akajibu Wakili.

– Basi hiyo saini itachelewa.

Tukacheka. Mama Birika hakucheka. Alinimiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, akaendelea kumimina.

– Mume wangu anataka jua, akasema. Hataki barua.

Ilituuma, wallahi ilituuma. Na sisi tukiumwa hatuna dawa nyingine, tunatoa ushauri.

Wakili akaanza. Sheria, alisema huku akigongagonga kibao kwa kidole, inataja mlango, dirisha, paa na rangi. Imetaja ukuta? Haijataja. Kwa hiyo tubomoe ukuta wote wa mbele, tuuache mlango umesimama peke yake na kufuli lake, tena tuwe tunaufunga kila jioni ili kamati iridhike. Kinyozi atapita pembeni kwa raha zake. Mama Birika akauliza wezi nao watapita wapi. Wakili akasema wezi hiyo ni kesi ya jinai, na yeye anashughulika na madai tu.

Injinia akamwambia anywe kahawa yake anyamaze. Tatizo si nyumba, ni kiti. Yeye atakikata kiti katikati kwa msumeno, atoe sentimita saba, achomelee. Tukamwuliza Injinia, Kinyozi ataketije kwenye kiti kilichopunguzwa? Akafikiri, akasema atakaa upande. Nikamwambia magurudumu yanaelekea mbele, mtu anatazama pembeni, huyo atafika sokoni na shingo imepinda. Injinia akasema basi atamfungia kioo cha pikipiki. Ndani, mtu akakohoa.

Nikaona wenzangu wamechemsha, nikatoa langu. Nililikeshea siku tatu na nasema mpaka leo halikuwa baya.

– Tumsajili Kinyozi, nikasema.

– Tumsajili wapi?

– Kwenye majengo ya kale. Ana miaka sabini na tatu. Hiki kibao chenyewe ni mtoto kwake.

Wakili aliweka kikombe chini taratibu, na hapo nikajua nimempata. Kitu kikishasajiliwa, nikawaeleza, manispaa inawajibika kukihifadhi katika hali yake ya asili, pale kilipokuwa. Na asili ya Kinyozi iko wapi? Iko hapa nje, mkasi mkononi, anamsengenya mtu. Kwa hiyo kumweka ndani ni kuvunja sheria, na kamati italazimika kuja yenyewe na mafundi wake kumrudisha benchini.

Wakili alikwisha toa karatasi. Akaandika kifaa: kinyozi mmoja. Hali: nzuri, isipokuwa miguu. Injinia akalipima benchi kwa futi ili waandike eneo linaloombewa hifadhi. Tulifika kwenye kipengele cha rangi, tukakwama, maana Kinyozi hupaka ndevu rangi nyeusi tangu miaka ile, na hana kibali. Wakili akasema hilo litatuangusha. Injinia akasema tuziache ndevu nje ya maombi. Nikauliza mtu anasajiliwaje bila ndevu zake, na hapo tukashikana kweli, sauti zikapanda, kahawa ikamwagika juu ya barua ya kamati, na Mama Birika akaketi kizingitini akicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu mumewe augue.

Ndipo akaja baba mmoja wa mitungi ya gesi. Ni mgeni mtaani, mtu wa miraba minne, mtungi begani. Akatusalimia, akapita mlangoni ubavu ubavu, akauacha jikoni, akatoka na kuomba kahawa. Akasema amemwona mzee ndani, mbona hakai nje na hali nzuri hivi. Tukamweleza, watatu kwa mpigo: kibao, kamati, sentimita saba, saini ya marehemu, ndevu. Akasikiliza kwa adabu. Akanywa funda moja.

– Na mlimwingizaje?

Wakili akaitazama karatasi yake. Injinia akavuta futi, akaiachia irudi yenyewe. Mimi nikaitazama kahawa.

Jibu nalijua. Siku aliyotoka hospitali gari lilisimama hapa hapa. Wakili alimshika bega moja, Injinia jingine, mimi nikashika miguu, na Mama Birika akatangulia na kiti kimekunjwa kwapani. Kinyozi alikuwa anatutania njia nzima kwamba tunabeba vibaya. Haikuchukua hata dakika. Tukamlaza, tukatoka, tukaketi benchini, na tukaanza kujiuliza atatokaje.

Miezi sita, jamani. Nilisikia aibu inanipanda mpaka masikioni.

– Mama, nikasema, nawe mbona hukutuambia?

Aliokota vikombe, kimoja kimoja, bila kututazama.

– Nilitaka. Yeye alinikataza. Alisema, usiwaombe, hao ni rafiki zangu, watakumbuka wenyewe.

Hakuna aliyeinuka. Si kwamba hatukutaka. Ila hakuna aliyejua aanze vipi kusimama mbele ya mwenzake. Baba wa mitungi alimaliza kahawa yake, akakunja mikono ya shati, akatungoja.

Basi sauti ikatoka dirishani, kavu, bila haraka.

– Mama, nitolee lile shati jeupe. Na Soli anawe mikono kwanza, ana gundi.