Vidato vya Nyumba ya Kina Abrenica

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Acheni vyombo kidogo, mkae. Leo tunamkumbuka Simplicia Abrenica. Najua wengine mnajiuliza Simplicia ndiye nani. Ni Bi Simang, Aling Simang wetu. Simang fundi cherehani, wa nyumba kubwa nyuma ya kanisa. Ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja.

Nyumba mnaijua. Chini mawe, juu mbao, madirisha ya kombe za baharini yanayoingiza mwanga wa rangi ya tui. Babu wa babu yake aliijenga enzi za Wahispania. Simang alizaliwa humo na amefia humo. Kila Jumamosi alisugua sakafu kwa kumbi la nazi, mguu mmoja juu ya kumbi, nyonga zikicheza, redio hii ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Akimaliza alinipigia simu studioni kunikosoa. "Wimbo huo umeupiga juzi. Umeishiwa?" Ndiye huyo.

Alikuwa na kaka mmoja tu, Crisanto. Na kaka huyo hakukanyaga ngazi ya nyumba hiyo kwa miaka arobaini na moja. Narudia, arobaini na moja.

Sababu ni hesabu tunayoijua sote. Unapanda ngazi, unahesabu: dhahabu, fedha, mauti. Dhahabu, fedha, mauti. Kidato cha juu kabisa kisiangukie mauti, fundi yeyote wa hapa atakwambia. Sasa, mwaka 1970 Ligaya, mke wa Crisanto, alifia chumba cha juu akijifungua, yeye na mtoto. Crisanto alizika, akaenda kufanya kazi bandarini Manila, na miaka mitatu hakuonekana. Siku aliyorudi alipanda ngazi akihesabu. Kumi na tano. Hesabu mwenyewe kwa vidole uone inaishia wapi.

Akateremka. Akajijengea nyumba ng'ambo ya daraja, ya chini kabisa, isiyo na hata kizingiti. Tangu hapo akiwa na neno na dada yake alisimama barabarani akamwita. Krismasi, Simang alimteremshia chakula dirishani kwa kikapu na kamba. Majirani walikwishazoea kuwasikia, dada juu akimwita Kuya, kama kaka mkubwa anavyoitwa.

"Panda, Kuya, kahawa iko motoni."

"Nimeshakunywa."

"Kahawa ipi? Yako hata paka haitaki."

"Basi teremsha."

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mnunuzi kutoka Manila. Ni wale wanaonunua nyumba za zamani, wakazibomoa ubao kwa ubao, wakaenda kuzisimamisha upya kwenye hoteli za ufukweni. Nyumba ni ya ndugu wawili, kwa hiyo zilitakiwa saini mbili. Crisanto akatia yake. Msimhukumu. Mwenyewe aliniambia, "Nilitaka dada yangu atoke humo kabla haijamchukua na yeye."

Simang hakutaka kuondoka. Ile ndiyo ilikuwa nyumba yake, hakuwa na nyingine wala hakuitamani. Lakini kaka mkubwa ni kaka mkubwa, na alikuwa amechoka kubishana na mtu aliye barabarani. Akaomba miezi mitatu tu kabla ya kusaini. "Kama nyumba inaondoka," alisema, "angalau vipimo vyake vibaki kwangu."

Akachukua utepe wake wa kupimia nguo na daftari la wateja. Daftari hilo nimeliona. Ukurasa mmoja kiuno cha mke wa daktari, ukurasa unaofuata upana wa dirisha la sebuleni. Aliandika kila mlango, kila nguzo, kila kovu la sakafu. "Hapa mama aliangusha pasi ya mkaa, 1961." Alikuwa anaiaga nyumba, wasikilizaji wapendwa, na aliiaga kwa inchi.

Akafika kwenye ngazi. Mkono wa ngazi ile umeshikwa na nguzo mbili, moja juu na moja chini. Ni pacha, nakshi ile ile. Ya juu ilikuwa inchi arobaini na sita. Ya chini, thelathini na nane. Akapima tena, ikawa vile vile. Ya juu ina ua lililochongwa kitakoni. Ya chini haina ua.

Mwingine angesema fundi alikosea. Simang alikuwa amekunja mapindo ya suruali miaka arobaini. Aliniambia, "Nilijua kitambaa kipo, kimekunjiwa ndani."

Ndipo alipokumbuka. Mwaka 1972 barabara iliinuliwa, maji ya mvua yakawa yanaingia ndani. Baba yao akamwaga saruji sakafu ya chini ili iwe juu zaidi. Simang alikuwa na miaka kumi na minane, yeye ndiye aliyewapikia mafundi. Alipanda ngazi ile kabla ya saruji na baada ya saruji, na hakuwahi kuhesabu. Kwenu nyumbani nani anahesabu ngazi? Unapanda tu.

Akavunja saruji kwa nyundo na patasi siku mbili. Chini yake kilikuwepo kidato cha jiwe, kizima. Vidato vilikuwa kumi na sita. Kumi na sita inaishia dhahabu. Na saruji ilimwagwa miaka miwili baada ya Ligaya kufa.

"Kuya, njoo uone kitu," akaita dirishani siku Crisanto alipopita.

"Nitumie picha."

"Situmi picha. Lete miguu yako."

Aliingia na fimbo yake, akalitazama lile shimo kwa muda mrefu. Kisha akaweka mguu ndani. "Dhahabu," akasema. "Fedha. Mauti." Simang alimfuata nyuma, mikono tayari. Alipofika juu alisema dhahabu kwa sauti ndogo sana.

Simang alitegemea atafurahi. Hakufurahi. Aliketi pale pale juu.

"Basi alikufa tu," akasema.

"Alikufa tu, Kuya."

"Sasa nimlaumu nani?"

"Hakuna wa kumlaumu."

Akalia, mtu mzima wa miaka sabini, kilio cha tangu 1970. Simang akamwacha alie, akaenda jikoni kuchemsha maji.

Karatasi zilirudi Manila, saini ya Crisanto imekatwa kwa kalamu nyekundu. Baadaye walikuja wanafunzi wa usanifu majengo, wakachora nyumba nzima kwa kufuata daftari lile, na michoro iko maktaba ya mji wetu. Lile shimo halijafunikwa mpaka leo. Mvua ikinyesha linajaa, na Simang alilikausha kwa bakuli huku akinung'unika. Crisanto akawa anakula juu kila asubuhi, miaka kumi na moja, akilalamikia chumvi.

Mzee Crisanto, Mang Crisanto wetu, na ukoo wote wa Abrenica, poleni sana. Mji mzima umefiwa pamoja nanyi.

Jana nilimuuliza Mang Crisanto niwaambie nini. Akasema, "Sema nilimwacha dada yangu ale peke yake miaka arobaini na moja. Na hakuwa na kosa. Wala nyumba haikuwa na kosa."

Nimelisema, mzee wangu. Na wewe unayenisikiliza, kama yupo mtu unayemkwepa kwa jambo ambalo hujawahi kwenda kulitazama kwa macho yako, mimi sina la ziada. Zima redio, uende.