Kalisti Maige Hakuapa kwa Kitabu

Ndugu, majirani, na ninyi wachimbaji mliotoka Geita, poleni kwa safari na kwa msiba. Mimi ni Herman, mdogo wake marehemu na katekista wa kigango hiki. Najua mnachosubiri kusikia: kama kaka alimrudia Mungu kabla ya kukata roho. Nitafika huko.

Kalisti Maige alizaliwa hapa Nyahanga, Kahama, tarehe 14 Machi 1915, mtoto wa kwanza wa Mzee Maige na Mama Bernadina. Alilelewa zaidi na bibi yetu mzaa baba, ambaye utotoni aliwahi kutekwa na kuuzwa. Bibi alimdekeza mno, nasi wadogo tukamwonea wivu.

Mwaka 1926 aliingia shule ya misheni. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mbishi wa kupindukia. Maandiko aliyasoma yote, mengine akiyaazima kwa wahubiri wa madhehebu mengine, na kwa hilo alichapwa. Alipofika mahali watumwa wanapoambiwa wawatii mabwana zao, alimkumbuka bibi. Akamwuliza padre kwa nini hayo tunayaruka na ya kumpenda jirani tunayashika. Aliambiwa kwamba Kanisa ndilo linalofafanua, naye hakuridhika. Akiwa mtu mzima aliniambia, “Mdogo wangu, ukijua lipi la kuruka, basi kipimo unacho tayari. Mimi nimebaki na kipimo.” Nimefundisha dini miaka kumi na minane, na kila nikifika mahali hapo namkumbuka yeye.

Mwaka 1940 alikwenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutangulia chini kila asubuhi na kuugonga mwamba wa juu kwa fimbo ya chuma, ausikilize. Ukilia kama chungu chenye ufa, hakuna anayeshuka mpaka nguzo ziongezwe. Mwaka 1949 alikuja mnyapara mpya, akasema asiyemwamini Mungu haaminiki, kwa hiyo kila asubuhi aape kwa Kitabu kwamba amepima. Kaka alikataa. Alisema hasemi kweli kwa kuogopa Kitabu, anaisema kwa sababu chini kuna watu. Akasimamishwa, akawekwa mwingine aliyeapa bila shida. Wachimbaji, Waislamu kwa Wakristo, waliketi juu siku mbili wakisema hawashuki mpaka Kalisti agonge. Siku ya tatu alirudishwa. Wenzake hao wako hapa, waulizeni.

Mwaka 1943 alimwoa Limi, binti wa Mzee Maduhu wa Mwakitolyo, kwa ng'ombe na ngoma, bila kanisa. Mimi sikuhudhuria, niliona ni dhambi. Miaka mitano baadaye mke wangu alipougua, ni shemeji Limi na kaka waliowalea wanangu mwaka mzima, na harusi ile hawakunikumbusha hata kwa utani. Nilipotaka kuomba radhi, kaka aliniuliza kama nimekula.

Vumbi la mawe lilimharibu kifua. Aliacha kazi mwaka 1955, akarudi nyumbani akikohoa, na bado akipima kwa fimbo yake kuta za nyumba za majirani. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1957, akiwa na miaka arobaini na miwili. Chumbani tulikuwa wawili tu.

Jana wazee wa ukoo walinijia. Waliniomba niseme kwamba Kalisti alitikisa kichwa kukubali sala, maana hapo angezikwa makaburi ya misheni, ubavuni mwa mama yetu. Walisema ni neno dogo, na hakuna shahidi. Kweli hakuna, na mimi ndiye niliyetaka kuliko wao wote alale pale.

Alfajiri ile nilimwuliza mara tatu kama anakubali sala. Mara ya tatu alinishika mkono akasema, “Herman, usije ukawadanganya watu kwa ajili yangu.”

Hakutubu. Ndiyo maana tumemchimbia kaburi hapa, kando ya zizi la baba.

Ameacha mjane, shemeji Limi, Mama Scolastika. Watoto watatu, Scolastika, Makoye na Mabula. Na mdogo wake, anayemwonea fahari mbele yenu wote. Mimi nitamwombea, kwa sababu ndivyo ninavyojua kumpenda. Lala kwa amani, kaka. Nimewaambia kweli.